Nyani Wasiomjua Chui

Yudith alikuwa juu ya dungu, jukwaa la kulindia shamba, tangu kulipopambazuka, teo mkononi na mawe miguuni, na alikuwa na hakika kwamba nyani wanajua mawe yamebaki mangapi.

Walikaa ukingoni mwa shamba la uwele, arobaini au zaidi, wakijikuna kama watu wanaongoja baraza lianze. Akirusha jiwe, aliye karibu alisogea hatua mbili, akalitazama jiwe lilipoangukia, kisha akarudi alipokuwa. Yudith alipokuwa msichana kelele zilitosha. Mwaka juzi jiwe lilitosha. Mwaka huu walikaa tu, wakingoja mtoto wake alie.

Mtoto alilala kivulini chini ya dungu, juu ya kipande cha ngozi ya mbuzi. Alikuwa wa kike, wa miezi mitano, na juani hakukaa muda mrefu bila kupata homa. Akilia, mama yake hushuka kumnyonyesha. Akishuka, nyani huingia. Karibu na mtoto, kwenye nguzo ya dungu, walikuwa wamemfunga mwanambuzi mmoja ambaye mama yake alikufa, ili Yudith amwangalie huko huko na kumpa maji.

Masuke ya uwele yalikuwa yameanza kujaa. Mwezi mmoja zaidi na yangekauka. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu ya mwisho ya nyumba yao. Miaka miwili mfululizo nyani walivuna kabla ya wenyewe, na kilichobaki kwenye kihenge walikipanda chote mwaka huu, bila kuacha konzi moja ya uji. Tembe tano zilikuwa chini ya mlima Itumba. Nne zilikwisha kuanguka paa. Wenyewe walihamia kwa ndugu zao tambarare, wengine wakaifuata reli. Ilibaki ya Matonya, baba yake Yudith. Na Yudith hakutaka kuhama, kwa sababu mumewe Yotham alichukuliwa na askari wa akida kwenda kutandika reli mbele ya Tabora, hakujua kama ameacha mimba, na akirudi nyumba pekee anayoijua ni hii. Shamba likiisha, nyumba imeisha. Hayo hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Siku hiyo nyani hawakungoja mtoto alie. Dume moja, pana mabegani kama mlango, lilitoka kwenye kundi likaja moja kwa moja mpaka chini ya dungu. Lilipita mbele ya mtoto. Yudith aliruka chini, akaanguka kwa magoti, akamnyakua mwanawe, na dume halikumtazama hata mara moja. Lilimshika mwanambuzi kwa shingo, likakata kamba kwa meno, likakaa umbali wa hatua kumi, likaanza kumla kuanzia tumboni, taratibu, kama anayemenya ndizi. Mwanambuzi alikuwa bado analia.

Mama yake Yudith, Zipora, alisikia mayowe akaja mbio na ngoma yake kiunoni, akiipiga kwa viganja vyote viwili. Waliwatoa nyani shambani. Lakini mistari miwili mizima ilikuwa imekwisha.

Jioni walikula mlenda na ugali mwembamba wa unga wa kukopa nje ya tembe. Zipora aliongea kwanza, na hakumtazama mumewe.

"Leo ni mwanambuzi. Kesho aliyelala chini ya lile dungu ni nani?"

"Nyani hali nyama," alisema Matonya.

"Kamwambie mwenyewe. Labda hajasikia."

Matonya alimega tonge, akalishika bila kulila. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, macho yake yamepungua lakini masikio yake yalisikia mchwa wakitafuna.

"Babu yake alikuwa hali," alisema. "Hakuwa na nafasi. Ukila huku unatazama nyuma, unakula kilicho karibu na mti wako."

"Na huyu hatazami nyuma?"

"Hana cha kutazama."

Aliyekiondoa cha kutazamwa alikuwa amekaa pale na tonge mkononi.

Yudith aliyakumbuka yalivyokuwa. Alipokuwa na miaka sita, nyani wa Itumba walikuwa viumbe wa mbali. Walilala juu kabisa kwenye jabali, mahali ambapo hata mbuzi hapandi, wamebanana kama popo. Walishuka korongoni kunywa mara moja kwa siku, saa ambayo jua ni kali, wote kwa pamoja, madume pembeni na watoto katikati, wakanywa haraka haraka na kuondoka. Hawakuuvuka mstari wa miti ya mikungugu iliyo chini ya mlima. Waliokota maganda ya miti, wakachimba mizizi, wakala nge. Walikuwa wachache. Chui wa Itumba walihakikisha wanabaki wachache.

Na watu wa Itumba walihakikisha chui wanabaki. Hawakuwapenda, chui alikuwa anakula mbuzi wao na mbwa wao. Lakini palikuwa na sharti moja, la zamani kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai: mtu mmoja, chui mmoja. Ukimuua chui, unampeleka kwa mtemi umemfunga uso kwa majani, ngozi ni ya mtemi, nawe unapakwa mafuta na kuchezewa ngoma. Kisha mkono wako umefungwa. Chui wa pili si wako mpaka ufe. Kijana aliyemuua chui wake mapema alikaa uzeeni akiwatazama wengine wakipita karibu na zizi lake, na hakuwa na la kufanya ila kuwasha moto.

Matonya alimuua wa kwanza akiwa na miaka kumi na tisa. Alichezewa ngoma. Halafu Wadachi wakaja, wakamweka akida kutoka pwani, na mtemi akawa mzee anayekaa kwake bila kuulizwa kitu. Ngozi haikuwa na pa kupelekwa. Mwaka huo huo akaja mfanyabiashara wa Kondoa aitwaye Zaidi, kijana wa Kirangi mwenye kanzu safi na punda wanne. Alileta nguo, chumvi na majembe ya chuma. Alitaka ngozi zisizo na tundu la mkuki.

Hakuna Itumba nzima aliyejua kutega gogo kama Matonya. Unaliegemeza gogo zito juu ya kijiti, unafunga mbwa nyuma yake, chui akiingia gogo linamvunja mgongo na ngozi inabaki nzima. Alimtega wa pili akitetemeka. Alikaa siku tisa akingoja ugonjwa au radi, na hakupatwa na kitu. Wa tatu hakutetemeka. Kwa miaka mitatu alitega kumi na mmoja. Mama yake Yudith alivaa nguo nyeusi mpya, wakalima kwa chuma, na jirani waliokuwa wakinung'unika walikuja kuazima majembe.

Wa mwisho alikuwa jike lenye vidole vitatu mguu wa mbele wa kushoto. Mtego wa kwanza lilikuwa limeuponyoka. Yudith, wakati huo ana miaka kumi na miwili, aliliona likibebwa, matiti yake yamejaa maziwa.

Mwaka uliofuata ulikuwa mzuri, na hilo ndilo lililowapumbaza. Mbuzi walizaa na hakuna aliyepotea. Wanawake walikwenda korongoni kuchota maji saa yoyote waliyotaka, wakiimba. Nyani nao walianza kunywa asubuhi na jioni, mmoja mmoja, bila haraka, na watu waliwacheka. Kisha wakaacha kulala jabalini, wakalala kwenye mikungugu. Kisha kwenye mikwaju iliyo karibu na kisima. Watoto wao hawakufa tena, kwa hiyo kundi moja likawa mawili, na mawili yakawa manne. Walijifunza kufuata nyuma ya mpandaji na kufukua mbegu kabla haijaota. Walijifunza mayai, vifaranga, maboga, na namna ya kutoboa paa la tembe kwa vidole. Hakuna aliyewafundisha. Walisambaa kama maji ya mvua yanavyojaza nyayo za ng'ombe. Palipokuwa na shimo, waliingia. Wenye mishale ya sumu walinyang'anywa na askari, na wenye mbwa, mbwa waliraruliwa.

"Nitakwenda Dodoma," alisema Matonya ghafla.

"Kufanya nini?" aliuliza Zipora. "Kuwashitaki?"

"Kutafuta ngozi."

Zipora alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Umeuza kumi na moja, sasa unakwenda kuomba moja. Mwindaji."

"Nyani anaogopa kwa macho," alisema Matonya. "Akiona madoa kwenye majani, hasubiri kuuliza. Nimewaona wakivunjika miguu kwa kukimbia. Mwezi mmoja, mama Yudith. Niwatishe mwezi mmoja tu, uwele ukauke."

Zipora alimtazama kwa mara ya kwanza jioni ile. Asubuhi alimfungia kitambaani chakula chote kilichobaki cha siku hiyo.

Dodoma ilikuwa mwendo wa siku mbili. Matonya hakuwa amefika tangu reli ipite, mwaka wa tatu huo. Alikuta stesheni ya mawe, maduka ya bati, na vumbi linalonuka moshi. Zaidi alikuwa na duka lake sasa. Alinenepa, ndevu zimeingia mvi, na aliposikia salamu ya Kigogo mlangoni, "Mbukwenyi," aliinuka kabla hajamwona msemaji.

"Mzee Matonya. Nilidhani umekufa."

"Bado. Nataka ngozi ya chui."

Zaidi alidhani ni mzaha, akacheka, kisha akaona uso wa mgeni wake, akamwita mkewe alete uji. Alimkalisha kwenye benchi. Matonya alikunywa uji wote kwanza, kisha akaeleza, kwa maneno machache.

"Ngozi za chui hazipiti tena hapa," alisema Zaidi. "Zinazokuja zinatoka mbali, huko nyuma ya Tabora, na Wadachi wanazichukua stesheni kabla hazijashuka. Hata kwetu Kondoa ni hivyo hivyo. Mama yangu hapandi karanga tena. Nyani wanaingia jikoni wanafunua chungu." Akaliondoa bakuli tupu. "Mzee wangu, kweli hukubakisha hata mmoja?"

"Ulikuwa ukiniuliza nimepata wangapi," alisema Matonya. "Hukuniuliza wamebaki wangapi."

"Mimi ni mfanyabiashara. Mlima ulikuwa wako."

"Ndiyo," alisema Matonya. "Ulikuwa wangu."

Zaidi alijikuna shingo. Halafu akamwambia mgeni wake ainuke, akaitoa ngozi iliyokuwa imetandikwa kwenye benchi, ile ile Matonya aliyokuwa ameikalia. Ilikuwa imechakaa. Wadudu walikuwa wameitoboa ubavuni, madoa yamefifia na kuwa rangi ya chai. Haikupata mnunuzi kwa sababu ya mguu mmoja mbovu. Matonya hakuhitaji macho. Aliushika mguu wa kushoto akapapasa vidole: kimoja, viwili, vitatu.

"Nikupe nini?" aliuliza.

"Ichukue tu. Mke wangu anasema inanuka." Zaidi aliikunja mwenyewe, akaifunga kwa kamba ya katani, na hakuinua macho alipokuwa akifunga.

Matonya alirudi siku ya tano. Katika siku hizo Yudith na mama yake walikuwa wamepoteza mistari mingine minne. Hawakumuuliza habari za mjini. Zipora aliilowesha ngozi, akaipaka mafuta ya mbuzi mpaka ikalainika, akaziba matundu kwa vipande vya ngozi nyingine alivyovipaka masizi. Alitaka kuishindilia majani na kuisimamisha shambani.

"Chui asiyetikisika ni jiwe," alisema Matonya. "Nitaivaa."

"Kwa magoti hayo?"

"Kwa magoti haya."

Siku ya kwanza alijilaza kabla ya jua kutoka, kwenye majani marefu kati ya shamba na mikungugu, kichwa cha ngozi juu ya kichwa chake. Yudith alikuwa juu ya dungu. Nyani walikuja kama kawaida yao, wakitembea kama wenye shamba. Matonya aliwaacha wakaribie. Kisha akakohoa ile sauti ya chui, kama msumeno unaokata gogo kavu, akapiga hatua mbili kwa mikono na magoti, bega moja juu, bega moja chini.

Jike moja zee, lenye sikio lililochanika, lilisimama. Lilitoa mlio ambao Yudith hakuusikia tangu utotoni, mlio mkali unaokatika, na ghafla kundi lote likageuka. Majike wazee waliwashika watoto wao wakakimbia. Vijana walikimbia kwa sababu wengine wanakimbia. Baada ya muda mfupi hakukuwa na nyani chini. Wote walikuwa juu ya miti, wakipiga kelele, na shamba lilisimama peke yake katika jua.

Yudith alikaa chini juu ya dungu, akalia machozi huku akicheka. Zipora, aliyekuwa mlangoni mwa tembe, alipiga kigelegele. Jioni alimkanda mumewe magoti kwa maji ya moto, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze walizungumza habari za mavuno, na kihenge kipi kitengenezwe, na kwamba Yotham akirudi atakuta pombe.

Siku ya pili nyani walikimbia tena. Lakini hawakufika mbali. Walikaa matawi ya chini, wakatazama. Yudith aliona kwamba ni wale wazee tu waliopiga kelele: jike lenye sikio lililochanika na wengine watatu au wanne. Waliobaki, wale waliozaliwa kwenye mikwaju, walikuwa wakiwatazama wazee, kisha wakaitazama ngozi, kisha wakawatazama wazee tena.

"Hawajawahi kumwona," alimwambia baba yake jioni. "Baba, wengi wao hawajawahi kumwona."

"Woga haufundishwi," alisema Matonya. "Unazaliwa nao."

"Na mimi nilizaliwa nao? Mbona nilikuwa nakwenda kisimani jioni?"

Matonya alijinyoosha chali. Alikuwa amechoka, na mgongo ulimuuma, na palikuwa na siku zaidi ya ishirini mbele yake.

Siku ya tatu nyani kijana, pengine wa miaka minne, alikuja peke yake. Jike zee lilipiga kelele zake nyuma mpaka sauti ikakauka. Kijana hakusimama. Alizunguka, akaja upande wa mkia. Matonya akakohoa. Kijana akaruka nyuma, akangoja, akaona hakuna kilichofuata. Akanyoosha mkono, akaushika mkia, akauvuta.

Mkia ulikatika. Akaunusa. Akauweka mdomoni.

Yudith aliona jambo lote kutoka juu, na alijua kabla halijatokea. Alizungusha teo, akampiga kijana mbavuni, naye akapiga mayowe. Mayowe hayo ndiyo yaliyowaleta madume. Yalikuwa saba au manane, na katikati lile lililomla mwanambuzi. Hayakumkimbia chui. Yalimkimbilia. Hakuna hata moja kati yao lililowahi kumpoteza ndugu kwa chui, na mbele yao palikuwa na kitu kimoja, cha chini, kinachokwenda polepole, kimemliza mtoto wao.

Matonya alisimama wima, akaitupa ngozi, akapaza sauti ya mtu. Haikubadilisha kitu. Dume la kwanza lilimshika paja.

"Baba!"

"Baki juu!" alipiga kelele Matonya. "Yudith, baki huko huko! Shamba!"

Kwa sababu kundi lilikuwa limeona. Majike, vijana, watoto, wote walikuwa wakishuka kutoka kwenye miti na kujipanga ukingoni, na macho yao hayakuwa kwa Matonya. Yalikuwa kwa dungu. Walimtazama Yudith kama walivyomtazama kila siku, wakingoja ashuke.

Alirusha mawe manne. Mawili yalimpata dume. Halikumwachia baba yake. Lilibadilisha tu mahali pa kuuma. Yudith aliangalia uwele, masuke yake yamejaa, mengine yameanza kugeuka rangi. Kisha akaacha teo juu ya dungu, akashuka.

Alimchukua mtoto, akamweka mgongoni bila kumfunga sawasawa, akaokota mchi uliokuwa chini ya dungu, akakimbia. Alipiga bila kuchagua. Zipora alitokea upande wa pili na jembe. Ilichukua muda mrefu kuyaondoa madume yale, si kwa kuyashinda. Yalichoka, au yalikumbuka kwamba wenzao wanakula. Yaliondoka moja moja na kuingia shambani.

Wanawake walimburuta Matonya mpaka tembe. Paja lilikuwa wazi mpaka mfupa. Zipora alifunga jeraha kwa nguo yake nyeusi, ile ya Zaidi, iliyobaki vipande. Yudith alirudi mlangoni na mchi mkononi, akasimama. Nyani walikuwa wengi kuliko alivyowahi kuwaona, makundi yote manne pamoja. Hawakula tu. Walivunja shina, wakang'ata suke mara moja, wakatupa, wakavunja jingine. Watoto wao walining'inia kwenye dungu. Mmoja alikuwa na teo, akilivuta huku na huku.

Jua lilipofika utosini, shamba lilikuwa uwanja.

"Ungebaki juu," alisema Matonya akiwa amelala. Hakusema kwa hasira.

"Najua," alisema Yudith.

Walikaa siku sita, kwa sababu jeraha lilikuwa na homa na hawakuweza kumwondoa. Siku ya saba homa haikuwa imepungua, ila chakula kilikwisha kabisa. Zipora alisema waende Mvumi, kwa watu wa misheni waliowabatiza yeye na Yudith. Huko kuna dawa, na pengine kuna kazi ya kutwanga. Matonya hakuwahi kutaka kuona mlango wa misheni. Alisema tu, "Nipeni fimbo."

Yudith aliacha alama kwa ajili ya Yotham. Alichora ukutani, kwa mkaa, nyumba yenye msalaba juu, na mishale mitatu kuelekea huko. Zipora alitazama michoro ile, akatazama paa lililotobolewa, akaendelea kufunga mzigo. Ngozi ya chui ilikuwa juu ya paa, ambako Zipora aliitupa ikauke damu. Hawakuichukua.

Walitoka asubuhi, Zipora mbele na mzigo, Matonya katikati akijikokota kwa fimbo, na Yudith nyuma na mtoto. Matonya hakuweza kugeuza shingo wala mwili. Kila hatua ilimtoa jasho. Walipofika korongoni, pale pa kisima, Yudith aligeuka.

Nyani walikuwa wamekwisha kufika kwenye tembe. Kijana mmoja alikuwa mlangoni, ameshika kizingiti kwa mkono kama mtu anayechungulia kama wenyeji wapo. Aliingia. Wengine wakamfuata. Juu ya paa, mahali walipokuwa wakianika nafaka, jike lenye sikio lililochanika lilikuwa linaizunguka ngozi kwa mbali, likiinama, likirudi nyuma. Jike lingine, dogo, lilikuja na mtoto wake tumboni, likakanyaga ngozi, likakaa katikati yake. Likaanza kumtoa mtoto chawa. Lile jike zee lilizunguka tena mara moja. Kisha nalo likakaa.

"Wamefika wapi?" aliuliza Matonya, akiwa amewapa mgongo.

"Bado wako mlimani, baba."

Ndani ya tembe kitu kilivunjika, chungu au mtungi, na sauti za nyani zikatoka mlangoni, nyingi, zikigombana. Upepo ulizileta wazi kabisa mpaka korongoni. Zipora hakugeuka. Matonya, ambaye masikio yake yalisikia mchwa wakitafuna, alisimama kidogo na fimbo yake mchangani.

"Haya," alisema. "Twende."